Kibao cha kihistoria cha barabarani kimepauka, herufi hazisomeki: tuanzie wapi?

Mpita_Njia

Wakuu, habari zenu.

Tuko kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Tumekiona kibao cha kihistoria kando ya barabara, kile cha aina ya zamani chenye herufi zilizochomoza, kimesimama juu ya nguzo moja. Upande unaotazama jua rangi imekuwa unga: ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Upande wa pili una nafuu, ila mistari miwili ya chini imefunikwa na ukungu wa kijani na sehemu nyingine rangi imebanduka kama magamba. Mstari wa mwisho kabisa hatuwezi kuusoma.

Mwenzetu mmoja ana mashine ya kuoshea magari kwa presha. Mwingine ameshanunua makopo ya rangi ya kupuliza. Nimewaomba wasubiri kwanza niulize wenye uzoefu. Tunataka tukifanye vizuri, siyo kukipaka tu kionekane kipya kwa mbali. Je, tuanze na kuosha? Tukwangue rangi yote au tupake juu yake? Na zile herufi mnazipakaje bila kuchafua pembeni?

Natanguliza shukrani.

Mkono_wa_Brashi

Ndugu Mpita_Njia, umefanya la maana kuwazuia wenzako. Hiyo mashine ya presha irudi stoo, na rangi ya kupuliza itafutiwe kazi nyingine. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, na vibao vilivyonipa taabu kuliko vyote ni vile ambavyo mtu mwenye nia njema alikuwa ameshavipitia kabla yangu, akiwa na kopo mkononi na haraka moyoni. Jua na mvua huila rangi taratibu. Mtu mwenye brashi ya waya humaliza ukingo wa herufi kwa saa moja, na ukingo ule haurudi.

Kabla ya maji wala sabuni, jueni kibao ni cha nani. Kusimama kando ya barabara hakukifanyi kiwe cha kila mtu. Hapa historia ya vibao vyenyewe inasaidia. Jimbo la New York, kwa mfano, lilianza kusimamisha vibao vyake vya buluu na njano mwaka 1926, wakati wa kuadhimisha miaka 150 ya mapinduzi ya Marekani, na fedha za jimbo kwa mpango ule zilikoma 1939. Matokeo yake ni kwamba vingi vimebaki mikononi mwa halmashauri, vyama vya historia vya wenyeji au mwenye shamba, na hakuna fundi wa jimbo anayepita kuvikagua. Virginia vibao vya kwanza vilisimama 1927, na kule kila kibao kina msimbo wake wa herufi na namba, na idara zinazovisimamia zinajulikana. Pennsylvania mpango wa vibao vya barabarani unaendeshwa tangu 1946 na tume yao ya historia na makumbusho. Kwa hiyo angalieni sehemu ya chini au juu ya kibao: mara nyingi jina la taasisi iliyokisimamisha na mwaka vimesubiwa palepale pamoja na maandishi. Waandikieni, ombeni ruhusa kwa maandishi, na muulize pia rangi rasmi ni ipi. Mamlaka ya barabara nayo iambiwe, maana mtakuwa mmesimama kwenye hifadhi ya barabara.

Jambo la pili ni kujua kimetengenezwa kwa nini. Chukueni sumaku. Ikinata, ni chuma. Isiponata na pale palipobanduka pana rangi ya fedha iliyofifia, ni alumini. Ikiwa hainati na pana ukijani wa shaba, hiyo ni shaba nyeusi, na hapo msipake rangi kabisa; kibao cha shaba kinaoshwa na kupakwa nta, na afadhali afanye mhifadhi mwenye ujuzi. Msiruke hatua hii, kwa sababu praima (ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine) ya chuma si praima ya alumini. Alumini ina ngozi yake nyembamba ya oksidi inayoikinga na hewa, na ngozi hiyo hiyo ndiyo inayoikataa rangi. Ukiipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, inapendeza msimu mmoja, halafu inaanza kutoka vipandevipande kama ganda la yai. Inataka praima inayong'ata, ile yenye asidi kidogo, au praima ya epoksi. Chuma nacho kinataka praima ya kuzuia kutu, tena ipakwe siku ileile kiliposuguliwa, maana chuma kilicho uchi hushika kutu hata kwa unyevu wa usiku mmoja.

La tatu ni madini ya risasi ndani ya rangi ya zamani. Hili nalisema kwa mkazo. Marekani ilizuia rangi yenye madini hayo majumbani mwaka 1978. Kibao chochote kilichopakwa kabla ya hapo kichukulieni kuwa kinayo mpaka kipimo kiseme hakina. Kuna vijiti vya kupimia vinavyouzwa madukani, unakisugua kwenye rangi kikabadilika rangi. Kipimo kifike mpaka tabaka la chini, siyo juu tu, kwa sababu tabaka la juu linaweza kuwa la juzi. Kama yapo, hakuna kupiga msasa mkavu, hakuna mashine ya msasa, hakuna kuchoma rangi kwa moto. Msasa uwe wa maji, mvae barakoa zenye vichujio vya vumbi laini (zile za kitambaa hazitoshi), tandikeni plastiki chini, magamba yote yakusanywe. Na watoto wasiletwe kwenye hatua hiyo hata kama ni wa klabu ya historia. Waleteni siku ya kupaka herufi, wataifurahia zaidi.

Tukifika kwenye kuosha, mambo ni mepesi. Maji ya kawaida, sabuni laini isiyo na asidi wala klorini, brashi ya nywele laini na vijiti vya mbao kwa ule ukungu uliokaa ndani ya "a" na "e". Anzeni chini kupanda juu, ili maji machafu yasikaukie kwenye sehemu kavu na kuacha michirizi. Jiki hapana. Presha hapana kabisa: inasukuma maji nyuma ya rangi iliyo hai bado, na kesho yake unakuta imevimba.

Na huo mstari wa mwisho usiosomeka, msiubashiri. Subirini giza lianze kuingia, mmoja ashike tochi pembeni kabisa ya kibao, mwanga ulale juu ya uso wake. Herufi iliyoliwa ikabaki unene wa kucha itatoa kivuli. Pigeni picha hapohapo, mwanga ukitoka kushoto, kisha kulia, kisha juu. Nimewahi kusoma hivyo tarakimu zote za mwaka ambazo mchana zilionekana kama makovu tu. Kama bado, tafuteni picha za zamani. Kuna hifadhidata ya The Historical Marker Database iliyoanza 2006, watu wa kujitolea wamekuwa wakiweka humo picha na maandishi ya vibao na mahali vilipo. Huenda kuna mtu aliyekipiga chenu picha kikiwa bado kizima.

Leteni majibu ya sumaku kwanza. Tutaendelea.

Jiwe_la_Maili

Mkono_wa_Brashi kaeleza vizuri. Niongeze kwa walio na mawe badala ya vibao. Uingereza chama cha Milestone Society, kilichoanzishwa 2001, kinafanya kazi hiyohiyo kwa mawe ya maili ya barabara za zamani za kulipia ushuru. Tangu 1767 barabara zile zote zililazimika kuwa na alama za maili. Halafu mwaka 1940, kwa hofu ya kuvamiwa na Wajerumani, mawe mengi yaling'olewa, yakazikwa au yakafutwa majina ili adui asijue yuko wapi. Kwa hiyo ukikuta jiwe limekwanguliwa jina la mji, usikimbilie kulichonga upya. Mkwaruzo ule nao ni historia ya jiwe.

Swali langu: jiwe lenye kuvumwani (ule ukoga mkavu unaoota juu ya mawe), mnakiondoa chote?

Mkono_wa_Brashi

Jiwe_la_Maili, nashukuru kwa hilo la 1940.

Kwenye jiwe mimi naondoa kidogo kabisa: kinachozuia maandishi kusomeka, basi. Kuvumwani kikongwe kimeshikana na uso wa jiwe, ukikibandua kikavu kinaondoka na chembe za jiwe lenyewe. Kiloweshwe, kisuguliwe taratibu kwa brashi laini, na mahali kinapogoma kiachwe. Na jiwe ambalo halikuwahi kupakwa rangi lisipakwe. Rangi ya kisasa inaziba vinyweleo, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea, na uso unaanza kupasuka kwa ndani.

Msema_Kweli

Mimi nina jambo tofauti. Kuna kibao nakifahamu ambacho maandishi yake yanawaita wenyeji wa asili wa eneo lile "washenzi", na mwaka uliotajwa una kasoro. Sasa kama tunakipaka upya, si ndiyo nafasi nzuri ya kurekebisha? Kwa nini nitie rangi ya dhahabu kwenye neno ambalo ni tusi? Neno moja tu unaweza kulisaga likapotea.

Mkono_wa_Brashi

Msema_Kweli, uchungu wako naufahamu na sikupingi kwamba neno lile ni baya. Mimi pia limewahi kunifikia mkononi neno la namna hiyo, na nikaiweka brashi chini.

Lakini kulisaga, hapana. Kwanza ni mali ya watu, na kubadili maandishi ni jambo ambalo hata ruhusa ya kupaka rangi hailigusi. Pili, ukilisaga unabaki na kibao chenye pengo, na msomaji wa kesho hatajua palikuwa na nini wala nani alikifuta na kwa sababu gani. Njia ipo. Andika barua kwa taasisi yenye kibao, ambatanisha picha na ushahidi wa mwaka sahihi, na uombe kibao kipya. Virginia wamekuwa wakibadilisha vibao vya zamani kwa vipya vyenye maandishi yaliyofanyiwa utafiti upya, na Pennsylvania nao wamepitia vyao na kuvirekebisha au kuviondoa baadhi. Yanatokea, ila kwa barua na ushahidi.

Na wewe huna wajibu wa kukipaka kile. Waambie wenye nacho kwamba kikundi chenu kiko tayari kufanya kazi kwenye kibao kipya, siyo hiki. Barua ya watu wanaojitolea kufanya kazi bure ina uzito kuliko ya mlalamikaji aliyepita tu. Mimi nimeona barua ya namna hiyo ikijibiwa.

Mpita_Njia

Wakuu, nimerudi. Sumaku haikunata, ni alumini. Ukingoni kwa chini, baada ya kuosha, tumekuta jina Sewah Studios. Ruhusa tumepata, kwa barua. Kipimo cha madini ya risasi: tabaka la juu hapana, tabaka la chini ndiyo.

Wenye kibao wanasema mandharinyuma ni "buluu" na hawana kumbukumbu zaidi. Buluu ziko nyingi! Pia, boliti zinazokishika kwenye nguzo zimeganda, na pale alumini inapokutana na nguzo pana unga mweupe umejaa. Mwenzetu anataka kuigonga kwa nyundo.

Mstari wa mwisho tumeusoma kwa tochi. Ulikuwa jina la daraja. Tulifurahi mno.

Mkono_wa_Brashi

Hongereni sana! Jina la daraja lilikuwa linakaribia kupotea kabisa.

Sewah Studios ni watu wa Marietta, Ohio, wanasubu vibao vya aina hii tangu 1927, kwa majimbo mengi. Kwa hiyo mjue mna alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, na alumini ya namna hiyo haipindi, inavunjika. Nyundo isiguse. Tieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye boliti, myaache hadi kesho, mtie tena, kisha spana taratibu, kaza kidogo halafu legeza, kaza legeza. Ikigoma kabisa kata boliti kwa msumeno. Boliti inanunulika, kibao hakinunuliki. Wakati wa kukishusha wawe watu wa kutosha chini yake, kibao ni kizito kuliko kinavyoonekana, na mmoja kazi yake iwe kutazama magari tu, asishike chochote. Vizibao vya kung'aa mwilini na koni mbele ya mahali mnapofanyia kazi.

Unga mweupe ule ni alumini inayoliwa kwa sababu imegusana na chuma penye unyevu. Metali mbili tofauti zikikaa pamoja na maji katikati zinafanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayolipa. Usafisheni wote, na wakati wa kurudisha tumieni boliti za chuma kisichoshika kutu pamoja na washa za nailoni, pasiwe na mahali metali zinagusana moja kwa moja. Ukipaka rangi nzuri ukaliacha hilo, kibao kitapasuka shingoni, pale kinapovaa nguzo, kikiwa bado kinang'aa.

Kuhusu buluu: jibu liko kwenye kibao chenyewe. Tazameni chini ya kichwa cha boliti mliyoitoa, au ndani ya shingo inayovaa nguzo, mahali jua halijawahi kufika. Pale rangi ni ileile ya siku ya kwanza. Kama hapana, chagueni mahali pasipoonekana, mpasugue kwa msasa laini sana wa maji, duara dogo, mpaka matabaka yote yajitokeze kama miviringo, ya juu nje na ya zamani katikati. Lile la katikati, juu ya praima, ndilo mnalolitaka. Lipigeni picha palepale likiwa limelowa, kwa sababu likikauka hupauka na mtadanganyika. Mlipeleke dukani walinganishe na macho yenu yawepo, msitegemee picha ya simu.

Sasa rangi ya zamani. Kwa vile tabaka la chini lina madini ya risasi, msikwangue yote. Rangi iliyoshika vizuri ni kinga, iacheni. Ondoeni inayobanduka tu, kwa msasa wa maji, mlainishe kingo mpaka kidole kisihisi ngazi. Ingekuwa lazima kuondoa yote ningewaambia mpeleke kwa mwenye leseni ya kazi hiyo. Pale palipobaki alumini tupu, praima inayong'ata. Kisha tabaka mbili nyembamba za buluu. Nyembamba! Tabaka nene hujaa kwenye pembe za herufi na maandishi yanavimba, "e" inageuka "o". Hiyo ndiyo sababu siipendi rangi ya kupuliza kwa kazi hii, mkono haukioni kipimo.

Hali ya hewa iangalieni: chini ya nyuzi 10 msipake, na uso wa metali uwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa huanza kutoa umande), la sivyo unyevu usiouona unabaki chini ya rangi. Kwa lugha ya mkono, anzeni umande ukiwa umekauka kabisa na mmalize mapema kabla jioni haijapoa.

Mpita_Njia

Na herufi? Kuna wanaosema brashi ndogo, kuna wanaosema rola.

Mkono_wa_Brashi

Rola, kisha brashi kwa marekebisho.

Kibao kilazwe mezani juu ya blanketi, sawasawa, kisibonyee upande wowote. Rola iwe ndogo na ngumu. Rola ya sponji laini inabonyea, inashuka kati ya herufi na kugusa buluu. Mimina rangi kidogo kwenye kipande cha kioo au bati, ipitishe rola huku na huku mpaka isikike ikinata, ule mlio wa kubanduka. Ikiwa inateleza kimya, rangi bado ni nyingi. Hapo ndipo unaipitisha juu ya herufi bila kukandamiza, uzito wa rola wenyewe unatosha. Pita kwa ulalo, kisha kwa ulalo wa upande mwingine, ili kila ukingo upate. Mara ya kwanza herufi zitaonekana kama zimepakwa nusu. Usiongeze rangi, ziache zikauke urudie. Mara ya pili au ya tatu zinasimama zenyewe, na hapo ndipo mnaweza kumpa mtoto rola.

Ukichafua buluu usifute kwa thina, buluu mpya bado laini na thina itailamba. Acha ikauke, kisha igusie kwa brashi nyembamba yenye buluu. Nembo ya juu ya kibao, kama ipo, iachieni mwenye mkono mtulivu kuliko wote na siku yake peke yake.

Vanishi ya juu sishauri. Jua linaigeuza njano, na ikianza kubanduka inaondoka na rangi mliyoihangaikia.

Mpita_Njia

Tumekuta buluu safi kabisa chini ya boliti, nzito kuliko tulivyodhani. Tunakishusha Jumamosi. Tukirudishe baada ya muda gani?

Mkono_wa_Brashi

Kugusika mkavu si kukomaa. Fuateni maelezo ya kopo, na mkiweza kukiacha ndani wiki moja zaidi, kiacheni. Upande wa kwanza usije ukalalia blanketi kabla haujakomaa, nyuzi zitabaki kwenye rangi. Wekeni mbao mbili chini ya kingo tu.

Nguzo nayo isiachwe na kutu yake wakati kibao kiko ndani. Huo ndio muda wake.

Na mwandikieni mwenye kibao karatasi moja: praima gani, buluu namba ngapi, njano ya herufi namba ngapi, tarehe, na kwamba tabaka la chini lina madini ya risasi. Nakala nyingine ikae kwa kikundi. Atakayekishusha tena huenda asiwe mmoja wenu, na hilo la risasi lazima alijue kabla hajashika msasa.